Cherehani Iliyokwama Forodhani

Naapa kwa Mola aliyeniumba, na kwa mizani niliyoishika miaka thelathini, hadithi hii ni kweli tupu. Sikuongeza neno. Sikupunguza neno. Wanaonijua watacheka. Watasema, "Si huyu mzee aliyetuambia alimwona papa akipanda ngazi za forodha kwenda kulipa ushuru?" Papa yule nilimwona. Lakini leo sisemi habari za papa. Leo nasema habari za fedha, za wajukuu na za kifo. Atakayenikuta na uongo hata mmoja, nitamlipa hapo hapo.

Watu wa hadithi hii walizungumza lugha yetu ya Komoro. Mimi nimeyaweka maneno yao katika Kiswahili nilichookota Unguja nikiwa kijana. Shuleni sikukaa sana. Kusoma nilijifunza kwenye magunia ya karafuu, maana kila gunia lilikuwa na maandishi.

Basi, katika mji wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, chini ya ngome, alikaa mzee mmoja. Jina lake Idarousse. Alikaa katika nyumba ya mkewe, Batoul, kama ilivyo desturi yetu. Nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huja na kofia yake na maneno yake.

Idarousse alikuwa mshona kofia. Alishona kwa mkono, tundu kwa tundu. Alikaa kwenye baraza asubuhi, akakaa hapo mpaka adhuhuri. Kichochoro kilikuwa chembamba sana. Watu wakipita, aliinua magoti.

"Utashona mpaka uwe kipofu," Batoul alimwambia.

"Nikiwa kipofu utanishika mkono uniongoze msikitini."

"Nitakuongoza baharini nikutose."

"Basi nitose na kofia hii, nimeshaimaliza."

Ndivyo walivyoishi miaka arobaini.

Ndani, katika kidaka cha ukutani, palikuwa na sanduku la bati. Zamani lilikuwa la biskuti. Baba yake Idarousse alikuwa na duka Unguja. Alipokufa, duka liliuzwa, na Idarousse akarithi fedha. Hakuzila. Alisema, "Fedha hizi zimenipitia tu. Ni za wanangu na wajukuu wangu." Kila Ijumaa alifungua sanduku, akatazama, akafunga.

Alikuwa na wana wawili. Wa kwanza, Rachadi, alikuwa fundi cherehani Majunga, ng'ambo, Madagaska. Wa pili, Taki, alikaa Moroni. Taki alikuwa mpima karafuu na vanila katika ghala la mfanyabiashara mmoja.

Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Serikali ilikuwa ya Ali Soilih. Mambo mengi yalikuwa yakigeuzwa, mengine asubuhi, mengine jioni. Kisha, Disemba ya mwaka 1976, habari zikaja kutoka Majunga. Watu wetu waliuawa huko, wengi, kwa siku chache. Mjini Mutsamudu hapakuwa na nyumba isiyolia.

Rachadi alikufa. Mkewe alikufa. Cherehani yake ilichomwa pamoja na duka.

Katikati ya Januari, watoto wao wawili waliletwa kwa ndege pamoja na wengine walionusurika. Roukia alikuwa na miaka kumi na miwili. Sounhadj alikuwa na miaka saba. Mvua ilikuwa ikinyesha. Batoul aliwavua nguo zao, akawafunga nguo zake. Mkono wa Roukia ulikuwa umefumbwa.

"Umeshika nini, mjukuu wangu?"

Roukia alifumbua. Kilikuwa kigurudumu kidogo cha chuma, kile kinachozungushiwa uzi ndani ya cherehani.

"Cha baba," alisema. "Hiki tu."

Sounhadj hakusema kitu. Hakusema siku ile, wala mwezi ule. Ukimpa chakula, alikula. Ukimwita, alikuja. Sauti yake ilibaki Majunga.

*

Ilipofika hitima ya Rachadi, Taki alikuja kutoka Moroni. Wanaume walikaa kuzunguka sinia za wali. Idarousse alisimama.

"Jamaa zangu," alisema, "nisikilizeni. Watoto wa Rachadi watakaa mahali pa baba yao. Fedha za sandukuni ni zao nusu, na za Taki nusu. Nikifa, zote zitakwenda kwa Taki, na Taki atawapa fungu lao. Taki, umesikia?"

"Nimesikia, baba," alisema Taki. "Mbele ya watu wote hawa."

Watu wakasema amina. Wakala.

Hapo ndipo Idarousse alipokosea. Kwetu, neno likisemwa juu ya sinia la hitima, tunaliona zito kuliko muhuri wa serikali. Nani atathubutu kuligeuza? Idarousse alirudi ndani moyo wake umetulia. Aliona kazi imekwisha.

Halafu akafungua sanduku. Akatoa bahasha, akamkabidhi Taki.

"Moroni kuna maduka makubwa," alisema. "Mnunulie Roukia cherehani. Ya mkono, si ya miguu, nyumba hii haina nafasi. Anajua kushona, baba yake alimfundisha. Akishika cherehani, labda atacheka."

"Mwezi huu huu, baba," Taki alisema.

*

Sasa twende Moroni.

Taki alikuwa na mke, Oumi, mwenyeji wa Ikoni. Walikuwa na watoto, lakini Taki hakuwa amefanya anda. Anda ni harusi kubwa ya watu wa Ngazidja, kisiwa chenye Moroni. Mtu hulisha mji mzima, na humpa mkewe dhahabu. Asiyefanya anda, hata awe na mvi, huitwa mtoto. Kwenye mkutano hukaa mlangoni. Akisema, hakuna anayegeuza kichwa. Nyama ikigawiwa, yeye hupata mfupa. Taki alikuwa mtu wa Nzwani, angeweza kuyapuuza. Lakini alikuwa amekaa mlangoni miaka kumi na mitano, na shingo ilikuwa imemchoka.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku harusi hizo. Vijana wa kamati za serikali walipita wakikagua. Watu wengine, kwa hofu, waliuza dhahabu zao kwa bei ya chini. Taki alijiambia, "Marufuku itapita. Dhahabu itabaki."

Siku moja alifika nyumbani, akafungua leso mbele ya Oumi. Ndani palikuwa na bangili mbili za dhahabu.

"Umezipata wapi?" Oumi aliuliza.

"Nimenunua."

"Kwa fedha za nani?"

"Zangu."

"Zako? Juzi umenituma kwa jirani kuomba chumvi!"

Taki aligeuza bangili moja mwangani.

"Taki, baba yako alikupa fedha za cherehani ya yatima. Cherehani iko wapi?"

"Nitainunua. Karafuu zikipanda bei, nitainunua."

"Sizivai," Oumi alisema. "Zina joto la moto. Ziondoe."

Taki alizifunga katika leso. Kisha akaandika barua kwenda Mutsamudu. Aliandika hivi: "Baba, cherehani imefika Moroni, lakini imekwama forodhani. Subirini kidogo."

*

Batoul alikuwa na jirani, Hakima. Hakima alikuwa karani katika ofisi ya kuandikisha mali. Wanawake makarani walikuwa wachache wakati ule. Kila alasiri alipitia kwa Batoul kunywa chai. Siku ile alimkuta Idarousse anaisoma barua kwa sauti, kwa furaha.

"Imekwama tu," Idarousse alisema. "Itakuja."

Hakima aliichukua barua, akaisoma kimya. Hakusema kitu juu ya cherehani. Aliuliza jambo jingine.

"Bakoko Idarousse, na fedha za sanduku umezipangaje?"

Bakoko ndiyo babu kwa lugha yetu, na Koko ni bibi. Idarousse alimweleza habari ya hitima, ya sinia, na ya amina.

"Umeandika?"

"Niandike nini? Watu sitini wamesikia!"

"Watu sitini watakufa, au watasahau, au watasema hawakusikia vizuri kwa sababu walikuwa wanatafuna." Hakima aliweka kikombe chini. "Bakoko, usinikasirikie. Ukifa leo, watoto wa Rachadi hawarithi kitu."

"Unasema nini wewe! Si damu yangu?"

"Ni damu yako. Lakini baba yao ametangulia kufa, na ami yao yu hai. Sheria ya mirathi humtazama aliye karibu zaidi. Mwana akiwapo, wajukuu hawarithi. Hawasimami mahali pa baba yao. Koko Batoul atapata thumni, fungu moja katika manane. Yote yaliyobaki ni ya Taki."

Batoul aliacha kumenya mihogo.

"Taki atawapa," Idarousse alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ameahidi."

"Labda atawapa. Lakini yatakuwa yake, na atatoa akitaka. Na kuna jambo la pili. Mali ikipita kwa kifo, ofisi yetu inadai kodi. Fedha zikienda kwa Taki, zitakatwa. Taki akiwapa watoto, au Taki naye akafa, zitakatwa tena. Fedha zilezile, mkasi mara mbili. Watoto watabakiwa na vipande."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Wapitishie moja kwa moja, zisipite kwa Taki. Njia ni mbili. Ya kwanza ni wasia. Unaandika kwamba ukifa, wajukuu wapewe kiasi fulani. Unaweza, kwa sababu wao si warithi. Lakini wasia hauvuki theluthi ya mali yako."

"Na mimi nimewaahidi nusu."

"Basi njia ya pili. Hiba. Unawapa sasa, ukiwa hai, ukiwa mzima, una akili zako. Hiba haina theluthi. Ada yake unalipa mara moja, imekwisha. Lakini usingoje ugonjwa. Ukiwapa ukiwa kwenye kitanda cha kufia, hiba hiyo itahesabiwa kama wasia, na utarudi kwenye theluthi."

"Nimeshawapa kwa mdomo."

"Na ufunguo wa sanduku uko wapi?"

Idarousse aligusa shingo yake. Ufunguo ulining'inia hapo.

"Basi hujawapa," Hakima alisema. "Hiba ni mpaka mali itoke mkononi mwako."

Mzee aliuzungusha ufunguo kwa vidole. Mvua ilidondoka kwenye kichochoro. Sounhadj alikuwa amekaa kizingitini akiitazama.

"Nikiwapa zote?" Idarousse aliuliza mwishowe. "Taki nimnyime kabisa?"

"Usimnyime," Batoul alidakia. "Ni mwanao. Ukizaa chuki leo, watoto hawa wataila kesho."

"Koko amesema kweli," Hakima alisema. "Nusu wape watoto. Nusu iache ipite katika mirathi, Taki apate haki yake."

*

Wiki ile ile walikwenda kwa Fundi Mzé, mwalimu wa dini, aliyekuwa akiandika hati za kadhi. Mashahidi wawili walikaa. Fundi Mzé aliuliza mara tatu, "Idarousse, unatoa kwa hiari yako?" Mara tatu Idarousse akajibu, "Kwa hiari yangu."

"Watoto ni wadogo," alisema Fundi Mzé. "Baba yao hayupo, kwa hiyo walii wao, msimamizi wao, ni wewe babu. Unaweza kuwapokelea. Lakini ili pasiwe na maneno, nusu hiyo itoke mkononi mwako. Nani ataishika?"

"Batoul."

"Batoul, utaishika kama amana ya yatima? Kwa chakula chao, kwa shule yao, kwa dawa yao?"

"Nitaishika," Batoul alisema. "Na huyu mume wangu nitamkata vidole akiigusa."

Hati ziliandikwa tatu, zote sawa. Moja ilikwenda ofisini kwa Hakima. Ikalipiwa ada, ikapigwa muhuri. Ya pili alibaki nayo Fundi Mzé. Ya tatu Idarousse aliikunja ndogo, akaitia katika nailoni. Akaishona ndani ya pindo la shiromani ya Roukia, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Nzwani. Alishona kwa mishono ya kofia, midogo, hata jicho zima lisingeiona.

"Nguo hii usimwazime mtu," alimwambia.

Siku chache baadaye kahawa iliisha. Idarousse alinyoosha mkono kwenye mfuko mpya wa kitambaa, ambamo Batoul alitia fedha za watoto. Batoul alimpiga kofi mkononi.

"Si zako."

"Za kahawa tu!"

"Kunywa maji."

Roukia alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza.

*

Haukupita muda mrefu, serikali ilivunja ofisi. Makarani walirudishwa nyumbani. Majalada yalitolewa nje, yakachomwa moto. Hati za ardhi, hati za ndoa, hati za watu waliokufa na waliozaliwa, zote zilikwenda na moshi. Nawaambia, moshi ule ulikuwa mweusi kwa wino, na kunguru walioupita walitoka na herufi mgongoni. Hakima alisimama mbali akatazama. Kesho yake aliweka karai mlangoni kwake, akaanza kukaanga mihogo.

Idarousse aliendelea kungoja cherehani. Barua zilikuja. "Bado imekwama." "Mkuu wa forodha amefukuzwa." "Mkuu mpya hajapatikana." Kila meli ilipotia nanga kutoka Moroni, Idarousse alimtuma Sounhadj bandarini. Mtoto alikwenda, akasimama, akatazama masanduku yakishushwa. Akarudi, akatikisa kichwa.

Mvua za mwaka uliofuata Idarousse alipata kikohozi. Hakumaliza wiki mbili. Kofia aliyokuwa akiishona ilibaki nusu, sindano ikiwa ndani yake.

Taki alikuja. Alilia kaburini, na alilia kweli. Lakini siku ya tatu alimuuliza mama yake, "Sanduku liko wapi?"

"Hili hapa. Ndani mna nusu. Nusu nyingine ni ya watoto, ilikwishatolewa."

"Nani amesema?"

"Hati imesema."

"Hati gani, mama? Ofisi imechomwa! Hakuna hati hata moja kisiwani. Zote ni mali ya marehemu, na marehemu nimemrithi mimi. Wewe una thumni yako. Nitakupa."

Batoul alikaa chini. Roukia alikuwa amesimama mlangoni. Alishika pindo la shiromani yake, akalipeleka mdomoni, akakata uzi kwa meno. Alifumua polepole, mshono mmoja mmoja, kama mtu asiyetaka kuharibu kazi ya babu yake. Akatoa karatasi. Hakuitoa mkononi. Aliikunjua, akaishika juu, Taki asome kwa mbali.

Fundi Mzé aliitwa. Alikuja na hati ya pili. Ziliwekwa pamoja. Zilikuwa sawa, neno kwa neno. Mmoja wa mashahidi alikuwa hai, naye akasema, "Mimi nilikuwapo."

"Taki," Fundi Mzé alisema, "nusu hii haikuwa ya baba yako siku aliyokufa. Hairithiwi. Chukua haki yako iliyobaki, umshukuru aliyekuachia."

Zile zilizobaki ziligawanywa. Batoul akapata thumni. Taki akapata zilizosalia. Kodi ya mirathi hakuna aliyeidai, maana mdai mwenyewe alikuwa mlangoni kwake akikaanga mihogo.

Taki alipoyaona macho ya Roukia, moyo wake ulivunjika. Siku ile ile alipanda meli kwenda Moroni. Siku ya nne akarudi, na cherehani kichwani. Ilikuwa kubwa na nzito. Wapagazi saba walishindwa kuishusha, lakini yeye aliibeba peke yake kupitia vichochoro vyote, machozi yakimchuruzika. Aliiweka miguuni pa Roukia akasema, "Nisamehe." Roukia akatia kile kigurudumu cha baba yake, kikaenea. Akashona. Sounhadj akasema, "Alhamdulillahi." Wakaishi kwa raha.

*

Hapo ndipo nilipotaka kuishia.

Hadithi hii niliiandika nikiwa nimeshastaafu, miaka kumi na mitatu baada ya watoto kuletwa. Nilitaka wanaojifunza kusoma wapate faida. Nilisikia kuna darasa la watu wazima Mutsamudu, la jioni, baada ya alasiri. Mwalimu wake ni Roukia yule yule. Nikaenda. Niliisoma mbele yake na wanafunzi wake wanawake, nikiifasiri kwa lugha yetu papo hapo. Walicheka kwa kunguru. Walilia kwa Idarousse. Nilipofika kwenye wapagazi saba, walipiga makofi.

Roukia hakupiga makofi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na uso wa mtu wa hamsini.

"Umeapa mwanzoni," alisema.

"Nimeapa."

"Ukikutwa na uongo unalipa."

"Hapo hapo."

"Basi nina swali moja, Ami. Hiyo cherehani iko wapi?"

Wanawake walinitazama, kisha wakamtazama yeye. Yeye aliingiza mkono mfukoni, akaweka mezani kigurudumu kidogo cha chuma. Kilikuwa na kutu.

"Tazameni," aliwaambia. "Hakijaingia katika cherehani yoyote tangu Majunga. Na huyu aliyewasomea ndiye Taki. Ni ami yangu. Yule Taki wa hadithi ni yeye mwenyewe, na jina ndilo lake."

Ndiyo. Taki ni mimi. Ndiyo maana nilijua bangili zilifungwa katika leso.

"Hiba ya Bakoko ilitulisha," Roukia alisema. "Ilinisomesha mpaka nikasimama hapa. Hayo umeandika kweli. Bila ile karatasi tungeombaomba. Lakini Koko alikataa kununua cherehani katika fedha zile. Tulimwomba. Alisema, 'Ya nini mbili? Moja iko njiani.' Alikuwa akikuamini, Ami. Mpaka anakufa alikuwa akiuliza meli. Nimeshona kwa mkono miaka yote. Na Sounhadj hakusema Alhamdulillahi. Yuko bandarini sasa hivi, ni mpagazi. Masanduku ya Moroni bado anayasoma majina yote kabla hajayabeba."

Mimi! Niliyeweza kumleta papa forodhani, nilikosa hata sentensi moja.

Nilitoa leso. Nilikuwa nimekuja nayo, sijui kwa nini. Labda mkono ulijua kabla ya kichwa. Zile bangili mbili zilikuwa ndani. Anda sikuifanya. Marufuku ilipita, lakini fedha nilizorithi zilikwisha kidogo kidogo, na mlangoni nilibaki kukaa. Oumi hakuzivaa hata siku moja. Alikufa mikono mitupu.

"Zichukue," nilisema.

Roukia alizipima mkononi. "Wewe ndiye mpimaji. Zinatosha?"

"Moja inatosha cherehani. Ya pili…"

"Moja ni deni," Roukia alisema. "Deni halina shukrani. Tutaiuza leo, nitanunua mwenyewe, hapa hapa Mutsamudu, mbele ya Sounhadj. Ya pili, kama unatoa, toa kama tulivyofundishwa. Nina binti, Bahia, ana miaka minne. Ni kitukuu cha Idarousse, na kwako ni mjukuu. Mpe yeye."

"Nampa."

"Kwa mdomo?"

Wanawake walicheka, lakini kicheko hakikuwa kirefu.

Tuliandika pale pale, kwenye madaftari ya darasa. Wanafunzi wawili, waliokuwa wamejifunza kuandika majina yao mwezi ule, walitia sahihi ya shahidi kwa mara ya kwanza maishani mwao. Mmoja alitoa ulimi akiandika. Hati zilikuwa tatu. Moja ya Roukia, moja ya Fundi Mzé, moja ya ofisi, maana siku hizi ofisi ziko tena. Bangili ilitoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwa Roukia, awe ndiye anayemshikia mtoto. Ninyi mnaosoma, msifuate kodi na ada za hadithi. Hizo hubadilika. Nendeni mkaulize kwenu. Lakini andikeni, mkiwa wazima, na mali itoke mkononi.

Tulikwenda ofisini kesho yake. Karani alikuwa kijana. Alihesabu, akataja ada, akatutazama sote wawili.

"Nani analipa?"

Roukia hakugeuka.

Nikalipa mimi. Mara moja tu.